Mpaka Unaanzia Wapi

Aline mjukuu wangu,

Hapa Nakivale tuko wazima, ila mbuzi wa jirani bado anajifanya amepotea kila mahindi yetu yakikomaa. Msalimie shangazi yako huko Nyamityobora.

Unauliza kwa nini mwalimu amekataa mlinganyo wako wa mstari, na mteremko umeupata sawa. Nilipokuwa msichana kule Kivu, jirani alipanda upya minyaa ya mpakani. Wazee walikuja wakapima mche hadi mche: kila hatua nne za kwenda kando, moja ya kupanda, kama zamani. Wakasema mpaka hauna kosa.

Mimi sikuamini, maana siku hizo alitusalimia kupita kawaida. Nikashuka hadi fasi, pale mpaka ulipoanzia. Jiwe letu kubwa la kuanikia mihogo sasa lilikuwa upande wake. Mteremko hakuugusa. Alisogeza mwanzo tu, na mstari wote ukafuata.

Ndiyo namba mwalimu anayokudai: mstari unaanzia wapi.

Tena umeniandikia kwamba kila jioni unafika nyumbani moja kwa moja. Nakuamini. Ila hukuandika unatokea wapi.

Koko wako, anayengoja jibu