Tumefika Ubeti Gani?

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kaka yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mimi sauti ipo, mwili ndio wenye maneno.

Jumamosi nilianguka mazoezini. Kifafa hakibishi hodi, unakijua. Nilipozinduka, wanakwaya wenzangu walikuwa wamejibana ukutani kana kwamba nimemwaga maji ya moto. Mwalimu wa kwaya akasema, "Sauti hii ni ya Mungu, lakini anayekuangusha ni mwingine. Mpaka ufunguliwe, hupandi jukwaani." Na wimbo wa kufungulia kanisa jipya, mwezi wa sita, nilipewa mimi!

Mchungaji aliniita pembeni kwa upole. Anataka Jumapili niweke vidonge vyangu madhabahuni. Ati siwezi kumwegemea Mungu huku nimeshikilia kopo la dawa.

Shangazi, nimekosa nini? Mtu anaweza kuumwa hivi hivi tu, bila sababu?

Mwanao,
Chiriku

15 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mguu umebaki na vidole vinne, navyo vinaelewana kuliko vilipokuwa vitano. Kibanda changu cha viatu kinakwenda.

Swali lako niliwahi kuuliza hata mimi, sukari iliponipata. Jirani mmoja alisema ni adhabu, wa pili akasema ni mtihani, wa tatu kijicho. Niliwasikiliza wote, halafu nikaingia ndani kujidunga sindano, maana saa yake ilikuwa imefika.

Sababu siijui mpaka leo. Ila siamini kwamba Mungu anagawa magonjwa kama mwalimu anayegawa viboko. Naamini anakaa upande wa mgonjwa. Sasa kama yuko upande wako, kidonge kinamuudhi nini? Kichwa cha daktari kakiumba nani? Mimi humshukuru kwa sindano kama ninavyomshukuru kwa chai.

Kupona nakuombea kila siku. Lakini usiyafungie maisha kabatini ukingoja kupona. Na dawa usitupe, nakusihi.

Shangazi yako

20 Machi

Chiriku,

Hujambo? Sijapata jibu. Baba yako nikimpigia ananiambia "tupo tu". Hiyo "tupo tu" ya kaka yangu naijua tangu utotoni, ni mlango uliotiwa komeo.

Kama umetupa dawa, sitakugombeza. Niandikie hata neno moja. Nikikosa, napanda basi, na huu mguu utajijua wenyewe.

Shangazi yako

28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Usipande basi, nipo. Vumilia mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Vidonge niliviweka madhabahuni. Watu walipiga makofi, nikajiona mwepesi kama unyoya. Kisha nikaanguka kazini kiwandani, kwenye meza ya kukatia vitambaa, mkasi mkononi. Degedege halikukatika mpaka nilipofikishwa hospitali. Baba aliona aibu kukwambia, nami nikaona aibu zaidi.

Jana mchungaji alikuja nyumbani kunitazama. Nikaanguka tena mbele ya macho yake. Nilipozinduka nilimkuta amekaa kwenye kiti, analia kama mtoto. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kopo langu.

"Nilisema nitavichoma," akaniambia. "Mkono ulikataa. Nimefunga, nimeomba, na jibu nililopewa ni kukurudishia."

Nilimeza kimoja palepale. Akaitikia, "Amina."

Mwanao,
Chiriku

17 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo tena shikamoo! Huko wazima? Mimi ni mgonjwa, mzima wa afya.

Kanisa lilifunguliwa jana, na niliimba! Mchungaji alisema bila Chiriku hakuna ufunguzi, mwalimu wa kwaya akanuna lakini akaniachia wimbo. Kina dada wa kwaya niliwafundisha mapema: nikianguka, nilazeni ubavu, mlegeze kola, msinitie kitu mdomoni, na msiache kuimba.

Na nikaanguka, Shangazi, katikati ya wimbo, kanisa limejaa mpaka madirishani. Wawili wakanilaza ubavu, waliobaki wakashikilia kiitikio, wakakirudia na kukirudia, hakuna aliyekimbia. Nilipofumbua macho nikauliza, "Tumefika ubeti gani?"

"Wa tatu," wakanijibu.

Nikauimba wa tatu nimekaa sakafuni, na wa nne pia. Sijawahi kuimba vile.

Mchungaji akapanda mimbarini. Tumezoea kumsikia akiwaita waliopona watoe ushuhuda. Jana alisema, "Wanaoumwa bado, na bado wanashukuru, wasimame."

Mzee mmoja mwenye presha akajiinua kwa fimbo. Akafuata mama mwenye selimundu na binti yake. Benchi baada ya benchi, watu ninaosali nao miaka yote, sikujua! Mwisho nikamwona mwalimu wa kwaya, ameshika mgongo wa kiti, anasimama polepole huku ameinamisha kichwa. Ana pumu tangu utoto, alikuwa anaficha.

Nikanyoosha mkono, akanivuta nikasimama naye. Hakuna aliyepona, Shangazi. Lakini ungesikia tulivyoimba!

Mwanao,
Chiriku