Kaka Yake Bibi Edith Amepatikana

Mama, shikamoo. Huku Woolwich mvua haikatiki, lakini leo moyo wangu mweupe.

Bibi Edith, yule mzee wa miaka tisini na tano ninayemhudumia nyumbani kwake, alikuwa na kaka, Arthur. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Arthur alikaa peke yake mkiani mwa ndege ya mabomu, akiilinda kwa bunduki ya rashasha. Ndege haikurudi. Mama yao hakufunga mlango wa nyuma mpaka alipokufa, asije Arthur akakuta kumefungwa.

Asubuhi imekuja barua ya serikali, nikamsomea. Ndege imefukuliwa shambani Uholanzi, na mifupa ya Arthur imetambuliwa kwa kulinganisha vinasaba vyake na vya mate aliyotoa Edith.

Alishusha pumzi ndefu. “Nilidhani amezama baharini,” akasema. “Kumbe alikuwa nchi kavu. Neema, nitilie chai.”

Mama, amekula vipande vitatu vya mkate! Mazishi ni mwezi ujao, nami nitamsukumia kiti chake cha magurudumu. Tangu asubuhi anasema “marehemu kaka yangu”, neno alilolikataa maisha yake yote.

Nakukumbatia sana, mama yangu. Mungu akutunze.

Neema