Ningejua ni wewe

Naima, leo Jumamosi, saa kumi jioni, Kisondela kuna manyunyu. Rafiki yetu Hellen hana nafasi hata ya kushika simu, ndiyo maana nakuandikia mimi.

Alikuwa akifua mtoni. Nyuma ya kichaka alikuwapo baba mkwe wake, mzee Ackson, anavua kambare kwa chambo cha samaki mdogo aliye hai, amemning'iniza chini ya boya.

Unaijua mila ya Kinyakyusa: mkamwana hakutani na baba mkwe, wala hamtazami. Hellen akajibanza kwenye matete, kama anavyofanya tangu aolewe.

Boya likazama. Kambare akavuta, mzee akateleza, maji yakamfika kifuani.

"Nani yuko hapo? Nisaidie!"

Hellen akazidi kujibanza.

"Wewe mtu, nakufa!"

Naima, Hellen alijifunika kanga usoni, akamshika mkono. Mkono! Akamvuta hadi ukingoni.

Mzee akakohoa, akaitambua kanga. "Ningejua ni wewe, nisingeita."

Miaka minne ya kukimbilia vichakani, na neno la kwanza kuambiwa ndilo hilo.

Nyumbani mama mkwe akauliza mara tatu: "Umemshika? Kwa mkono?"

Mzee amebadili nguo, amekula. Hellen amerudi mtoni kumalizia kufua.