Gunia la Fostini

Gisenyi, Rubavu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pokea salamu hizi zikiwa bado za moto, maana Mama Mdogo anasafiri kesho kuja huko Karagwe na nimemkataza kuondoka bila barua hii. Goti linaendeleaje? Na ile mibuni ya nyuma ya jiko, imechanua? Mimi mzima, ila baridi ya huku sijaizoea. Juzi sokoni nilisikia mtu akisema "shikamoo", nikageuka machozi yananilenga, kumbe ni msichana wa Ngara anauza vitenge. Tulikaa tukaongea habari za nyumbani mpaka wateja wangu wakanuna.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaweka sauti kubwa, nusu ya kijiji inasikiliza. Mambo ya Fostini nataka uyasikie wewe kwanza.

Uliniuliza swali moja tu: "Ameokoka?" Nikageuza mazungumzo, ukasema bila jibu hutaitikia posa. Mama, siku ile nililia. Hata wazee wa kanisa letu huku walimwuliza vilevile. Walimsimamisha mbele, wakamtaka ataje siku aliyompokea Yesu. Wenzake hutaja mpaka wimbo uliokuwa ukiimbwa. Yeye akazungusha kofia mikononi, akasema, "Siku siikumbuki. Najaribu kumfuata tu." Wazee wakatazamana, wakasema asubiri kwanza. Nilimnunia njia nzima. Nikamwambia si angetaja hata Jumapili yoyote, yaishe. Akacheka, akasema basi angekuwa ameanza wokovu kwa uongo.

Sasa nisikilize. Fostini analima viazi Bugeshi, kule juu kwenye baridi, na huvishusha huku mjini. Cherehani yangu iko barazani, palepale wanaponunulia akina mama wa Goma wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Desturi yao ni kwamba kila gunia lazima limwagwe kwenye turubai kabla ya kununuliwa, hata liwe la shemasi. Maana wauzaji wetu, Mungu awasamehe, huweka viazi vikubwa juu, huko chini ni vidogo kama gololi na vingine vya kijani. Na wengi wao Jumapili tunaimba nao kwaya! Kila asubuhi ni ugomvi hapo.

Wiki iliyopita likaletwa gunia la Fostini, mwenyewe amebaki shambani. Akalishika Mama Zaina, Mwislamu wa Goma, mwanamke ambaye akiuziwa chumvi anaionja kwanza. Akalikaza kamba, akaita wabebaji. Nikamwuliza mbona hilo halimwagi. Hakujua kama ni mchumba wangu. Akanijibu kwa Kiswahili chao, wala hakuniangalia:

"Ya Fostini hatuimwangake. Iko vilevile mpaka chini."

Mama, niliacha kushona. Nilimkumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa akikaa uani na ungo, anachambua upya kahawa iliyokwisha kuchambuliwa, anatoa mawe, nawe unamtania, "Mume wangu, hayo mawe nayo yana uzito"? Anatabasamu tu, anaendelea. Harufu ya kahawa ile ninaisikia mpaka leo nikifumba macho. Jamani, nimemmisi baba. Na siku za ushuhuda kanisani, si alikuwa anasimama, anakohoa, anakaa? Sijawahi kumsikia akitaja siku. Lakini alipofariki, wanunuzi wa kahawa walilia kuliko wanakwaya, nawe ulisema umezika Mkristo.

Moyo wa Fostini Mungu anauona mwenyewe. Sisi wengine inabidi tuangalie mikono, na mikono yake mimi nimeiona.

Msalimie Bibi, mwambie shali aliyonifumia ndiyo inayonifaa huku. Msalimie kaka Deusi na wifi, na yule jirani yetu anayekuletea maziwa. Mdogo wangu Neema mwambie gauni lake nimelimaliza, Mama Mdogo analo.

Fostini atakuja huko na mjomba wake baada ya mavuno. Nakuomba mama, usimwulize siku. Ule ungo wa baba bado uko? Mpe, umwekee na kahawa uani, kisha ingia jikoni kana kwamba unapika, umwangalie kupitia dirisha.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Edita