Nilivyomkimbia Binti wa Joel

Jumatatu, 3 Machi
Nimechuma chai tangu asubuhi. Majani ni mengi baada ya mvua. Mgongo unauma lakini niko sawa. Shida ni mkojo tu. Unatoka kidogo kidogo, nikimaliza narudi tena chooni. Mary, mke wangu, ameona. Amenikumbusha kaka yangu, aliyenyamaza na saratani ya tezi dume mpaka ikamfika mifupani. Naogopa. Nimekubali kwenda hospitali ya Bomet kupimwa.

Jumatano, 5 Machi
Aibu tupu. Foleni ya wanaume, kila mtu anaangalia viatu vyake. Nikaitwa, nikaingia. Daktari mwenyewe ni Chepkemoi, binti wa Joel! Mimi na Joel tulitahiriwa pamoja, rika moja. Binti yake ni binti yangu, na mzee havui suruali mbele ya binti yake. Nikasema nimekosea mlango. Nikatoka mbio kama mwizi wa kuku.

Mary ameninunia.

Ijumaa, 7 Machi
Hasira. Kwa nini hawakuweka mwanamume? Nimepogoa chai vibaya, nimekata mpaka matawi mazuri. Jioni Mary amevunja kimya. “Baba Kiprono, hiyo heshima utazikwa nayo.” Kaka yangu pia alikuwa mtu wa heshima. Jumanne narudi.

Jumanne, 11 Machi
Nimerudi. Chepkemoi akanisalimia vizuri, macho chini, akasema, “Baba, kunja shati.” Mkono tu! Wanaanza na damu. Suruali yangu yeye hakuitaka. Sehemu ile ya kuvua suruali akamwachia daktari mwanamume, naye hakuchukua muda. Si jambo la kufurahisha, lakini hakuna mtu amekufa nalo. Nimejiona mjinga. Nimecheka peke yangu njia yote.

Ijumaa, 14 Machi
Majibu yametoka. Hakuna dalili ya saratani. Tezi imevimba kwa sababu ya umri. Nimepewa dawa, na kila mwaka nirudi kupimwa. Nitarudi. Mary anaimba jikoni na mimi nimekaa tu, namsikiliza.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa nimemweleza Joel yote, hata nilivyomkimbia binti yake. Nilidhani atanicheka. Alichezea fimbo yake. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, ni siku gani Chepkemoi hayuko kazini.

Nimemwambia nitaulizia. Tutaenda wote wawili.