Maji Yaliyorudi Kwenye Mfereji wa Zamani

Mjukuu wangu Paulo,

Huku Mang'ola hatujambo. Bibi yako anavuna vitunguu, kikohozi kimempungua.

Unauliza kwa nini hamu ya sigara, uliyoishinda zamani, imerudi baada ya kuacha pombe. Nami nilipoacha pombe ilinirudia, nikiwa shambani kwenye zamu yangu ya kumwagilia maji. Nilikuwa nimeziba mfereji mmoja, maji yakageuka yakabomoa ukingo wa mfereji wa zamani tuliokwisha kuufukia.

Jirani akaninyooshea sigara. "Vuta kwanza, upumzike."

"Nikikaa kuvuta, zamu itaisha vitunguu vikiwa vikavu."

Nikarudisha udongo, nikakanyaga. Maji yakabomoa, nikakanyaga tena. Jioni vitunguu vilikuwa vimelowa, na hamu ilikuwepo vilevile. Sikuingoja iishe ndipo nifanye kazi.

Babu yako, ninayekanyaga mpaka leo.