Nafasi Yangu Mstarini

Reykjavík, 3 Julai

Mjomba Ketill,

Shikamoo. Habari za huko Hlíð? Mguu unaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Tangu Septemba simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mjomba, siku ile tulipojipanga mstari kushusha kondoo mlimani, niliwaambia watu wote kwamba ukungu ndio ulionizuia kukuona. Ni uongo. Wewe ulikuwa kulia kwangu, na kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kila baada ya hatua chache nikutazame wewe, nimtazame na wa kushoto, mstari usikatike. Nilipofika juu ya kile kilima nikapata mtandao. Nikainamisha kichwa, nikawa najibu ujumbe na kucheka peke yangu. Ukungu ulikuja baadaye sana. Nilipoinua macho hukuwepo, nikajisemea mjomba ameshatangulia, nikaendelea na safari zangu.

Ukakaa kwenye ule ufa wa mawe masaa matano, mguu umevunjika. Naona haya hata kuliandika. Nisamehe. Na kama bado naweza kuomba kitu, naomba Septemba hii unirudishie nafasi yangu mstarini.

Mpwa wako,
Hrefna

Hlíð, 24 Julai

Hrefna,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mvua haituachi, majani ya kukausha yameloa tena. Mguu upo, kwenye ngazi unalalamika kuliko mimi mwenyewe.

Habari ya ukungu nilikuwa naijua. Kwani mimi kipofu? Nilikupungia kofia mpaka bega likafa ganzi, nikawa naona utosi wako tu, umeinamia kiganja kama kuku anayedonoa. Nikapiga kelele, upepo ukanirudishia mwenyewe. Sikumwambia mtu, maana hapa wangekutafuna mzimamzima. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wahenga hawajafika kwenye mlima huu, mimi niliteleza na nikaanguka papo hapo. Lakini mguu haukuniuma kama wewe kuja hospitali na maua mkononi na uongo mdomoni. Hilo liliniuma sana, mwanangu.

Nafasi siwezi kukupa kwa barua tu. Mimi ndiye mfalme wa mlima, mimi ndiye ninayepanga nani apite wapi, na nikikosea mtu anaweza kufa. Kazini unakwenda kwa miguu, sivyo? Hicho kidude kiache nyumbani. Kisha uniandikie ni nani anatembea kulia kwako na nani kushoto. Na usinipambie.

Mjomba wako

Reykjavík, 16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Majani yamekauka? Hapa wazima.

Siku ya kwanza mkono ulikwenda mfukoni mara kumi na moja, haki ya Mungu, nilihesabu. Njia ya dakika ishirini na tano nikaiona haina mwisho. Siku ya nne nikashindwa, nikaibeba simu, na kabla sijafika bandarini nilikuwa nimeshaitoa. Umesema nisikupambie, basi ndiyo hivyo. Siku ya tano nikaanza upya.

Kulia kwangu kuna mzee mwenye begi la kuogelea, kila asubuhi yuko njiani kwenda kwenye bwawa la maji moto. Akichoka anaburuta mguu, nami napunguza mwendo. Kushoto kuna dada anayesukuma kigari cha mtoto, anamwimbia mpaka kwenye taa za barabarani. Jumanne hakuimba, alikuwa analia. Nikamuuliza, "Vipi dada, kuna nini?" Akasema, "Usingizi tu. Siku ya tatu leo sijalala." Nikamsukumia kigari mpaka kwake, nikachelewa kazini, bosi akanitolea macho. Mjomba, kumbe kwake ni mlango wa pili kutoka kwangu! Miaka miwili tumepishana kwenye ngazi na uso wake nilikuwa siujui. Niliona aibu jamani.

Kama hayo hayatoshi, nitakuja hata kuchemsha kahawa zizini.

Mpwa wako,
Hrefna

Hlíð, 2 Septemba

Hrefna,

Marahaba. Hatujambo, baridi imeshabisha hodi.

Mguu umegoma. Daktari kasema mlima basi tena. Nililia, sikufichi, halafu nikala maandazi sita. Kwa hiyo mwaka huu mstari nimeupanga nikiwa mezani, mimi nataja majina, mke wangu anaandika.

Njoo Ijumaa. Lete sweta mbili za sufu, na viatu uvipake mafuta. Simu iweke chini kabisa ya begi, iwe ya dharura tu.

Utapita upande wa mawe, palepale. Kulia kwako nimemweka Eydís, binti yetu. Ametimiza miaka kumi na sita, na mlimani ni mara yake ya kwanza. Mama yake aliposikia hivyo aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Ketill, una akili timamu wewe?" Nikamwambia ninazo, mwandike. Akaichukua tena kalamu.

Amemwandika.

Mjomba wako